Nyumba Isiyoonekana Kutoka Barabarani

Mikwajuni, 6 Machi 2011

Mpendwa Nasra,

Kosa wanalofanya wengi wakitaka kujua mtaa una nyumba ngapi ni kusimama barabarani na kuhesabu milango inayowatazama. Nimelitaja kabla hata ya salamu, na mke wangu, Bi Aisha, ananiambia hapa kwamba uzee umenipokonya adabu. Basi pokea salamu sasa. Sisi ni wazima. Masikio yangu yamezidi kuziba, ndiyo maana siku uliyopiga simu niliitikia "ndiyo, ndiyo" bila kujua nakubali nini. Afadhali tuandikiane. Bwana Joram anarudi Doha Alhamisi baada ya likizo yake, na amekubali kuibeba bahasha hii.

Mwanao Salma nilimwona Jumanne akipita kwenda shule. Meno mawili ya mbele yameng'oka, na hutembea ameweka mikono nyuma kama mkaguzi.

Joram amenieleza ulichokuwa ukiniuliza kwenye simu. Kampuni ya mumeo imekubali kumwombea Salma ukaazi ili aje kuishi nanyi, kwa sharti Iddi alete mkataba wa nyumba ya familia uliogongwa muhuri wa manispaa, ambayo huko mnaiita baladia. Mmepeleka mkataba, nao baladia wamejibu kwamba pale mnapoishi hapana nyumba. Unauliza watu wawezaje kuishi mwaka na nusu mahali pasipo na nyumba.

Wanaweza sana, mwanangu. Nimeandikisha majengo ya mji huu miaka thelathini na mmoja, na nikwambie nilichojifunza. Mji hauna macho, una vitabu. Kwa kawaida huwa vitatu. Cha kwanza ni cha vibali vya ujenzi: kinajua kilichoombwa kujengwa, hakijui kilichoongezwa baadaye. Cha pili ni cha mita za umeme: kinajua nani analipa, hakijui nani analala. Cha tatu ni cha sensa: kinajua waliolala, lakini karani wa sensa anakatazwa kumpa mtu mwingine majina yao. Nyumba ya mbele imo katika vyote vitatu. Banda la uani, chumba cha juu ya gereji, nusu ya ukumbi iliyokatwa kwa bodi, hivi mara nyingi vimo katika kitabu kimoja tu, au havimo popote.

Ili sehemu ya jengo ihesabiwe kuwa nyumba peke yake, vitabu vingi huuliza mambo matatu. Ina mlango wake, usiokupitisha chumbani kwa mtu? Ina mahali pake pa kupikia? Ina choo chake? Kila mji una nyongeza zake, lakini hayo matatu nimeyakuta kila nilikosoma. Nijibu kuhusu yenu. Uniambie pia nani aliijenga na lini. Usiniandikie unavyodhani. Toka nje, zunguka ukuta, ndipo uandike.

Mjomba wako,
Nassoro


Al Rayyan, 2 Aprili 2011

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilinifikia kazini, pale hoteli ya Al Sadd, Joram akaniletea mpaka chumba cha kufulia. Wenzangu walishangaa kuona barua ya mkono. Mmoja aliuliza kama nimeshtakiwa.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Iddi bado yuko kwenye kazi ya kufunga lifti. Mwezi huu ameshinda ndani ya mashimo yake, anarudi ananuka grisi. Nashukuru kwa habari za Salma, ila nina swali. Mbona katika kila salamu unayonipa unamwona akipita? Mama anakaa naye mitaa miwili tu kutoka kwako. Haji kukuamkia?

Nimezunguka ukuta kama ulivyosema. Mbele kuna jumba kubwa la ghorofa mbili, huku wanaita vila. Yule tunayemlipa kodi, msimamizi, wapangaji wanamwita Mudiri. Yeye ameikodi vila nzima kwa mwenye nyumba, kisha akaikata kwa bodi, sasa zimo familia tisa. Sisi hatumo humo. Tuko nyuma, katika kijumba cha matofali kilichoshikana na ukuta wa ua. Huku wanakiita mulhaq, yaani kiambatisho. Tuna vyumba viwili, choo chetu, jiko letu, na mlango wa bati unaotokea kichochoro cha pembeni. Hatupiti kwa mtu. Nani alijenga sijui. Rangi yake ni ileile ya vila, na hata imebabuka pale pale.

Tulipohama Bin Mahmoud, ambako tulikuwa tunachangia fleti na watu kumi, niliona nimepata kasri.

Nakueleza pia ili ujue hatukukaa bure. Baladia walipokuja Januari, Mudiri alipita akagonga kila mlango: "Ficheni majiko! Ficheni mitungi! Wakiuliza, nyote ni ndugu!" Mimi ndiye niliyewapanga wanawake. Tulifunika jiko letu kwa shuka tukaweka televisheni juu yake, mtungi ukaingia kabatini. Jirani yangu Cherotich, nesi Mkenya anayekaa chumba cha ngazini, alisukuma la kwake chini ya kitanda akalala juu akijifanya mgonjwa.

"Kina nani wanaishi hapa?" mkaguzi akamuuliza.

"Family," akajibu.

"Familia ya nani?"

"Ya huyo," akanionyesha mimi, Mjomba, na shungi langu! Mkaguzi akamtazama, akanitazama, akaandika. Walipoondoka tulicheka mpaka machozi. Cherotich akaniambia, "Nasra, wewe umezaliwa kuwa mwizi, ni adabu tu imekuharibia."

Sasa niambie tufanye nini. Salma anatimiza miaka minane Septemba. Nilimwacha akiwa na mitano.

Mpwa wako,
Nasra


Mikwajuni, 20 Aprili 2011

Mwanangu Nasra,

Salamu kwako na kwa Iddi. Bi Aisha anawasalimu, ameanza kufuga kuku tena ingawa aliapa. Mvua za masika zimeanza, paa la sebule limetukumbusha lilipo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nilicheka kwa habari ya Cherotich. Ya pili sikucheka.

Mwanangu, siku ile ulijifuta mwenyewe. Sikukemei. Ni jambo ambalo sisi watu wa pwani tulifundishwa nyumbani: akija mtu wa serikali, funika sufuria, sema kidogo, mpe maji, aende zake. Lakini fikiri kama karani. Mkaguzi alikuja na karatasi inayouliza pana nyumba ngapi ndani ya ukuta huu, na alama ya kwanza anayoitafuta ni jiko. Mahali penye mlango na choo bila jiko, karatasi nyingi huita chumba. Ninyi mkaficha majiko yote kumi. Basi akaandika nyumba moja, ndugu wengi kupita kiasi. Vila ikawa na makosa, na kijumba chenu, ambacho huenda hakina kosa lolote, kikamezwa humo.

Tenganisha mambo mawili yaliyochanganywa na Mudiri. Zile bodi alizopigilia ndani ya vila ni mgawanyo wa siri, nazo sidhani zitapona. Chenu ni jengo la matofali, rangi moja na kubwa, yaani huenda vilijengwa pamoja na fundi mmoja. Watu wenye nafasi hujenga kijumba cha nyuma kwa ajili ya dereva au mlinzi, na wakiomba kibali hukichora kwenye ramani. Kama kimechorwa, kimo katika kitabu cha kwanza, na kinaweza kupewa namba yake na mita yake. Kama hakikuchorwa, tutajua pia.

Ramani hiyo hapewi mpangaji. Anapewa mwenye nyumba. Kwa hiyo mtafuteni mwenyewe, si Mudiri. Mudiri hana faida nanyi mkionekana.

Kuhusu mama yako kuja kuniamkia: miguu yake inamsumbua.

Mjomba wako,
Nassoro


Doha, 14 Julai 2011

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi, wageni wa kiangazi. Tuko salama, usiwe na wasiwasi juu yetu.

Barua zako ziandike kwa sanduku la posta la kampuni ya Iddi, namba nimeiweka nyuma ya bahasha. Ni rahisi zaidi.

Joto limezidi. Jana lilipita ghubari la vumbi, kuta zikawa zinalia kama debe. Basi la Iddi linamchukua mlangoni sasa, hatembei tena. Cherotich siku hizi hatuonani. Ninapopika lazima Iddi atoke nje.

Mama nilimpigia simu. Nilimwambia kwamba unanisaidia jambo la nyumba. Akasema, "Mwulize mjomba wako nyumba ya uani iliandikwaje." Nilipomuuliza ana maana gani akasema simu inakula hela. Mjomba, miguu ya mama haina kitu. Salma ameniambia wanakwenda sokoni kwa miguu kila Jumamosi.

Nasra


Mikwajuni, 1 Agosti 2011

Mwanangu Nasra,

Ramadhani njema. Leo ni mwezi mosi, na Bi Aisha ameshaanza kugombana na tambi. Salma nilimwona akipita kutoka chuoni na juzuu yake kifuani. Ndiyo, akipita. Tutalifikia.

Kwanza lako. Matofali hayalii kama debe. Nyumba yenye vyumba viwili na jiko haimlazimishi mume kutoka nje kwa sababu mkewe anapika. Na basi la kampuni haliingii kichochoro cha mulhaq. Umehama, na mko ndani ya sanduku la bati katika yadi ya kampuni, lile ambalo huku tunaliita portakabini, sivyo? Hukutaka nijue. Sawa. Nawe nakuomba usione haya, kwa maana wanaoishi humo ni watu wa halali wanaotafuta riziki. Lakini lazima nikueleze mji unavyolitazama sanduku hilo, kwa sababu kama Iddi anadhani litamletea Salma, anapoteza miezi.

Karani anapokuta chumba cha namna hiyo, huuliza: kimekaa juu ya nini? Kikiwa na msingi uliochimbwa, na maji na umeme wake wa kudumu, miji mingine hukubali kukiita jengo. Kikiwa juu ya magurudumu, au juu ya vitofali ambavyo kreni ikija asubuhi inakinyanyua, hicho ni kifaa. Kinaandikwa pamoja na jenereta na winchi, chini ya jina la kampuni, kwa kibali cha muda. Kitabu cha vibali hakina nyumba hapo. Kitabu cha umeme kina mita moja ya yadi yote. Sensa peke yake ndiyo itawahesabu, kwa sababu sensa inawafuata watu popote walipolala, iwe hemani au melini. Ndiyo maana mji unaweza kuwa na watu wengi kuliko nyumba zake zinavyoweza kubeba, na wakubwa wakashangaa hesabu haifungani. Si uongo wa mtu. Kila kitabu kimejibu swali lake.

Mtoto hapewi ukaazi ndani ya kifaa. Rudini kwenye mulhaq. Kama Mudiri aliwatoa, nendeni juu ya Mudiri. Uliniambia mwenye vila yuko. Nani? Anaishi wapi? Nataka jina.

La mama yako nitaliandika. Leo sijaweza.

Mjomba wako,
Nassoro


Doha, 9 Oktoba 2011

Shikamoo Mjomba,

Umeniona kutoka huko! Iddi aliposikia nikisoma sehemu ya basi alisema, "Huyu mzee kama angekuwa polisi tungekwisha."

Ni kweli. Mwezi wa Juni Mudiri alipata onyo, akatoa watu wote kwa siku tatu, kisha akawarudisha kimyakimya waliokubali kodi mpya. Sisi hatukukubali. Kampuni ikatupa portakabini kwenye yadi, nyuma ya makontena. Sikukuambia kwa sababu nilikwisha kumwambia Salma ana chumba chenye dirisha la bluu, na chumba hicho kilikuwa kule kwenye mulhaq. Niliona nikikuandikia wewe, jambo litakuwa kweli.

Sasa sikia. Nilikwenda kwa Cherotich, yeye alirudi kwenye chumba chake cha ngazini. Nikamuuliza jina la mwenye vila. Akasema, "Huyo mama? Si huja kila baada ya Idd kuchungulia mti wake! Hukuwahi kumwona? Ule mkunazi hapo geti, alipanda yeye. Mudiri humngoja nje, hamruhusu kupita ndani." Anaitwa Umm Jasim, mjane, anakaa kwa mwanawe mtaa wa pili tu. Miezi yote nilikuwa nikipita mlangoni kwake kwenda kununua mkate.

Nilikwenda Ijumaa baada ya Asr, Iddi nikamwacha nje kwa wanaume. Mjomba, Kiarabu changu ni kile cha chuoni kwetu. Nilipofungua kinywa, yule bibi alinisikiliza, akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akashika ubavu. Akamwita mkwewe: "Njoo usikie! Huyu anazungumza kama hotuba ya Ijumaa!" Basi likavunjika lile la kuogopana. Akanipa kahawa, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja, hayuko nami. Akaacha kucheka.

Nikamweleza. Bodi, familia tisa, jiko chini ya kitanda. Hakuwa anajua! Mkataba wake na Mudiri unasema familia moja. Alisema, "Nilimpa nyumba yangu, yeye amefungua kambi?" Nikamuuliza mulhaq ilijengwa lini. Akasema mumewe aliijenga siku moja na vila, kwa ajili ya dereva wao aliyetoka Kerala na mke na mtoto, "kwa sababu mtu hawezi kuendesha vizuri moyo wake ukiwa ng'ambo." Ndivyo alivyosema.

Ramani iko kwa mwanawe. Amesema ataitafuta. Hakusema lini.

Mjomba, nimefanya ulivyoniambia, nimekwenda kumtazama mwenye nyumba usoni. Sasa nakuomba nawe. Nyumba ya uani iliandikwaje?

Nasra


Mikwajuni, 30 Oktoba 2011

Mwanangu Nasra,

Sote wazima. Salamu zimeisha, niandike nisije nikageuza nia.

Mwaka 1984 ilipangwa barabara ya kwenda soko jipya, ikapita mtaa wetu wa zamani. Mimi nilipewa daftari la kuandika nyumba zitakazovunjwa, ili wenyewe wapewe viwanja vingine. Baba yako alikuwa amekwisha fariki. Mama yako alikuwa akiishi nawe uani mwa nyumba ya shemeji yake. Vyumba viwili vya udongo uliopigwa lipu, mlango wake ukitokea kichochoroni, jiko lake, choo chake. Wewe ulikuwa na miaka mitatu.

Fomu ilikuwa na safu tatu: nyumba, choo, stoo. Maagizo yalisema nyumba ni ile inayotazama barabara. Lakini pembeni palikuwa na nafasi ya maelezo, na niliitumia kwa watu wengine. Kwa Mzee Mbaruku niliandika, "nyuma ipo nyumba nyingine kamili." Kwa fundi Shekue vilevile. Nilipofika kwa dada yangu, mkubwa wangu wa kazi alikuwa amesimama nami. Niliogopa atasema Nassoro anajipendelea. Nikaandika "stoo".

Shemeji yake alipata kiwanja. Mama yako hakupata kitu, kwa sababu stoo haina mwenyewe. Alikuja ofisini kwangu, akasimama mbele ya meza akiwa amekubeba. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka, mimi nilikuwa naishi stoo?" Nami nikaanza kumweleza maagizo ya fomu. Nasra, nilimweleza kwa muda mrefu, safu kwa safu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka, na hajaingia nyumbani kwangu tangu siku hiyo. Mimi nami sijapiga hodi kwake. Nimesema ni heshima, nisimsumbue. Si heshima.

Haya yote ninayokufundisha juu ya milango na majiko nayajua kwa sababu hiyo. Baada ya pale nilisoma kila nilichopata, nikapigania fomu mpaka ikaongezwa safu ya nyumba za nyuma. Iliongezwa mwaka 1991. Kwa mama yako haikusaidia lolote.

Rudi kwa Umm Jasim. Usimngoje mwanawe akumbuke. Mwambie utakwenda naye kuitafuta, ushike ngazi, upanguse vumbi, lolote. Karatasi ya namna hiyo haipotei, huwekwa mahali pa heshima na kusahauliwa. Ikipatikana, atazame maneno mawili: makazi, na jiko. Kisha aiombe baladia ije ikague mulhaq peke yake. Siku hiyo msifiche hata kijiko.

Mjomba wako,
Nassoro


Al Rayyan, 22 Januari 2012

Shikamoo Mjomba,

Nimekaa na barua yako miezi miwili na zaidi. Wiki ya kwanza sikuweza kuisoma mara ya pili. Nilimkasirikia yule karani, kisha nikakumbuka kwamba ni yeye aliyenifundisha njia yote hii. Vyote viwili ni kweli na sitakuficha kimojawapo.

Nakueleza jambo kwa utaratibu, kama unavyopenda.

Ramani ilikuwa ndani ya sanduku la Umm Jasim mwenyewe, chini ya nguo za arusi yake. Mwanawe alikuwa akiitafuta gerejini. Imechorwa vila, na nyuma yake mulhaq, na ndani ya mulhaq pameandikwa kwa Kiarabu: makazi ya dereva na familia, vyumba viwili, jiko, hamamu. Nilisoma mwenyewe. Kiarabu cha chuoni kimefaa.

Mkataba wa Mudiri umevunjwa. Umm Jasim aliwapa wapangaji wa ndani mpaka mwisho wa Desemba watafute pengine, hakuna aliyetupwa nje, nasi akaturudisha kwenye mulhaq. Cherotich amepata fleti na wenzake wawili wa hospitali, na ameniambia kwamba mlango wao una kengele yake, kwa hiyo "sasa mimi pia niko kwa kitabu."

Mkaguzi alikuja tarehe tisa, si yule wa mwanzo. Nilikuwa nasonga ugali. Aliuliza, "Jiko hili ni lenu peke yenu?" Nikasema ni letu. "Mlango?" Nikamfungulia wa kichochoroni. Akapima kwa futi, akapiga picha ya choo, akaandika. Aliuliza tuko wangapi. Iddi akasema wawili. Mimi nikasema watatu. Akainua kichwa. Nikasema wa tatu yuko njiani. Akatabasamu, lakini aliandika wawili, na nilimwelewa, kitabu chake kinahesabu waliopo.

Ilinipa shida kusimama pale bila kufunika kitu. Mikono ilikuwa inatafuta shuka.

Sasa tuna mita yetu. Alhamisi Iddi aliletewa mkataba, jina lake na jina la Umm Jasim, muhuri juu. Jana kampuni imepokea maombi ya ukaazi wa Salma. Wanataka pasipoti yake mwisho wa Februari, na yeye hana. Mama anasema ofisi ya uhamiaji inamchanganya, fomu ni nyingi, na hajui aanzie wapi. Nilimwambia namjua mtu anayejua fomu. Safari hii, Mjomba, hakusema simu inakula hela. Alisema, "Kama anakuja, aje mwenyewe, asitume mtu."

Usimweleze maagizo. Ile fomu anaijua, aliishi ndani yake. Mwambie tu uliyoniambia mimi, kwamba si heshima, na umwache aseme analotaka kusema hata likiwa refu. Cheti cha kuzaliwa cha Salma kiko kwake. Barua hii ameibeba Joram, ndege yake inatua alfajiri, kwa hiyo itakufikia kabla ya saa sita mchana.

Leo hii vaa viatu, nenda kwa mama ukapige hodi, umwombe Salma, umpeleke akapigwe picha za pasipoti.

Mpwa wako,
Nasra